Hesabu ya Zizi la Ngeleja

Sumbawanga, 6 Agosti 2023

Mpwa wangu Kija,

Upepo wa Agosti umeingia Sumbawanga kama mgeni asiyejua kuaga, nami nakuandikia nikiwa na makoti mawili. Mimi ni mzima, ukiondoa goti la kushoto na diwani wetu. Goti linauma nikipanda ngazi, diwani anauma akifungua mdomo. Mama yako Hellena alikuja Jumapili na debe la ulezi, akanikuta nabishana na padri juu ya mahubiri yake, akanivuta shati mbele ya waumini kama vile mimi si kaka yake mkubwa. Ndugu zako hawajambo: Rhoda anasoma vizuri. Mathias bado anasema ataoa, bado hajasema ataoa nani.

Unajua kwa nini sipigi simu. Kwa simu watu wa kwenu wana neno moja tu: "wazima". Nyumba ikiungua watasema wazima, halafu watauliza kama Amerika kuna baridi.

Sasa kaa chini. Wale wafadhili wa Uholanzi wamekubali! Dola elfu sita kila mwaka, zinakwenda moja kwa moja chuoni kwako. Maombi uliyajaza wewe, lakini barua ya kumtambulisha mwombaji niliiandika mimi, kurasa tatu za Kiswahili maana waliruhusu, na sikuandika kama mtu anayepiga magoti. Niliandika kama mtu anayemtambulisha binti wa nyumba yenye heshima.

Siku iliyofuata nilipanda basi la Namanyere, nikaendelea kwa bodaboda hadi kwenu. Nikamwambia shemeji yangu Ngeleja: "Mwaka huu usiuze ng'ombe. Zile dola elfu mbili ambazo chuo kinakutoza kila mwaka zimepata mlipaji."

Akaniuliza, "Una hakika, shemeji?"

Nikamwambia, "Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita."

Akanimiminia maziwa. Mnada wa Agosti umepita na hakupeleka hata ndama. Soma kwa raha.

Mjomba wako,
Basil

—

24 Septemba 2023

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma jikoni chuoni, ninakofanya kazi saa kumi kwa wiki, nikacheka kwa sauti kuhusu diwani mpaka mpishi mkuu akauliza kama naumwa. Mimi ni mzima. Miti ya huku imeanza kubadilika rangi. Mwaka wangu wa pili una hesabu nyingi kuliko nilivyotarajia, na somo la maji yaliyo chini ya ardhi nalipenda sana.

Nakushukuru kwa ulivyohangaika. Nasema hivyo kwanza ili usije ukadhani sikushukuru.

Mjomba, fedha za Uholanzi zimefika. Wiki hiyohiyo chuo kimepunguza msaada wake kwangu kwa dola elfu sita kamili. Nilikwenda ofisi ya misaada. Yule mama ni mpole, ana picha za paka mezani. Alinieleza hivi: chuo kinapima kwanza familia inaweza kulipa nini, halafu chenyewe kinajaza pengo lililobaki. Akija mfadhili wa nje, pengo limepungua, kwa hiyo chuo nacho kinapunguza. Nilimwomba basi hiyo elfu sita ipunguze mchango wa baba, au saa zangu za jikoni. Akasema kanuni hairuhusu. Mchango wa familia haujapungua hata senti. Zile elfu mbili bado zinadaiwa, mwisho katikati ya Februari.

Kwa hiyo baba inabidi auze. Mwambie wewe, tafadhali. Mimi nikimpigia ananiambia wazima.

Lipo pia jambo la pili. Wafadhili waliambatanisha barua yako kwenye nyaraka walizotuma chuoni. Ofisi imeitafsirisha. Mjomba, uliandika nini kuhusu ng'ombe?

Mpwa wako,
Kija

—

Sumbawanga, 29 Oktoba 2023

Kija mpwa wangu,

Wote hatujambo. Mvua za kwanza zimenyesha na watu wa Mollo wameshaingia mashambani. Mama yako amepona kikohozi. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Hebu tuelewane na hicho chuo chako. Mtu ana njaa. Jirani anampa ugali. Anakuja mtu wa pili na kitoweo. Jirani akiona kitoweo anachota ugali wake, anarudi nao ndani, halafu anamwambia mwenye njaa: hongera, shibe yako haijapungua! Hiyo ndiyo kanuni? Waholanzi wamevunja kibubu chao wakidhani wanamsaidia binti wa Ngeleja. Kumbe wamekisaidia chuo chenye majengo ya mawe na bwawa la kuogelea. Maskini anapewa kwa sharti kwamba abaki palepale alipokutwa. Akisogea hatua moja, mkono unaomshika unalegea hatua moja. Nimeshawaandikia hao watu, kurasa nne, na Kiingereza changu hakijazeeka.

Kuhusu ng'ombe, niliandika nilichokiona kwa macho yangu. Nilisimama langoni mwa zizi la baba yako jioni, wanaingia, nikachora mistari ardhini kwa kijiti. Mia moja na arobaini. Baba yako alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu na hakunikanusha. Nilitaka Waholanzi wajue kwamba hawampi mtoto wa ombaomba. Kosa langu liko wapi?

Umeniomba nimwambie baba yako auze. Nitamwambia.

Mjomba wako,
Basil

—

3 Desemba 2023

Shikamoo mjomba,

Theluji imeanguka na nimeazimwa buti na msichana mmoja anayeitwa Sharon, ninayelala naye chumba kimoja. Naye anasomeshwa na chuo kama mimi. Nimemsomea mfano wako wa ugali na kitoweo, akasema ni kweli, halafu akaongeza: ugali uliorudishwa ndani labda ndio anaokula yeye. Sijui, mjomba. Huenda kanuni si ya watu wabaya. Lakini yule aliyeiandika hakuwahi kuona zizi.

Sasa naomba usome polepole.

Wale si ng'ombe wa baba. Wake ni kumi na tisa. Waliobaki ni wa watu. Kwetu Wasukuma mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwake. Anawagawa kwa watu anaowaamini, ili ugonjwa ukija usimalize wote, na ili ndugu, wake na wadai wasijue ana wangapi. Anayetunza anapata maziwa, mbolea na nguvu ya kulimia, na mara mojamoja ndama. Malipo yake kwa hayo yote ni kunyamaza. Hasemi wa nani ni yupi, hata kwa mkewe. Watu wa Kirando na wa Namanyere, hata ambao si Wasukuma, wanamwekea baba kwa sababu anajua kunyamaza. Ndiyo maana hakukukanusha pale langoni. Alikuwa anafanya kazi yake.

Chuo kimewathamini ng'ombe wote mia moja na arobaini kama mali yetu. Mchango wa baba umepanda kutoka elfu mbili hadi elfu tisa. Nisipoleta uthibitisho uliosainiwa na mtendaji wa kijiji ifikapo Februari 15, natakiwa kulipa au kuondoka.

Ninachokuomba ni kidogo. Nenda kwa baba peke yako. Aseme idadi ya wake tu, kumi na tisa, mtendaji asaini, basi. Usiulize wengine ni wa nani. Usiulize mbele ya mtu yeyote. Mjomba, nakujua, na kwa sababu nakujua nakuomba kwa machozi: katika hili usishinde.

Kija

—

Sumbawanga, 14 Januari 2024

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mahindi yamefika magotini. Mama yako anakusalimu. Hakusema neno jingine, anakusalimu tu.

Fomu imesainiwa: ng'ombe kumi na tisa, mhuri wa kijiji upo. Nimeipeleka kwa yule kijana wa steshenari mjini, ameipiga picha na kuituma chuoni mbele ya macho yangu. Hufukuzwi. Anza na hilo.

Simu zako nne niliziona. Sikupokea kwa sababu nilijua utanizuia.

Barua yako niliifuata hadi mahali ilipowezekana. Nilikwenda peke yangu. Baba yako akasema, "Kumi na tisa." Tukaenda kwa mtendaji. Mtendaji ni mtu makini, sina ugomvi naye. Akasema, "Zizi lina ng'ombe mia na kitu, nami napita pale kila siku. Nikisaini kumi na tisa bila kujua wengine ni wa nani, kesho nitaulizwa mimi." Nikaona ana hoja. Nikasema basi ufanyike mkutano, wenye ng'ombe wajitaje wenyewe.

Watu walikuja wengi, ilikuwa siku ya soko. Nilizungumza vizuri, Kija. Niliwaambia kuhusu mtoto wa kijiji hiki anayetaka kufukuzwa nchi ya mbali kwa sababu ya ng'ombe wasio wa baba yake. Watu waliguna, wengine walipiga makofi. Nikasema: mwenye ng'ombe kwa Ngeleja asimame. Hakusimama mtu. Nikasema mara ya pili. Bado hakuna. Hapo ndipo nilipomgeukia baba yako nikamwuliza mbele ya wote: "Shemeji, chagua. Siri za watu au mtoto wako?"

Akasimama. Akavua kofia. Akaanza kutaja, ng'ombe kwa ng'ombe: rangi, pembe, jina la mwenyewe. Hakukosea hata mmoja. Ilichukua karibu saa nzima. Adolfu, yule mfanyabiashara wa dagaa wa Kirando, ishirini na wawili. Mkewe Coleta alikuwa amekaa mstari wa mbele na kikapu cha nyanya. Cornelia, yule mjane wa Namanyere, tisa. Shemeji zake walikuwepo watatu. Na wengine.

Alipomaliza alivaa kofia akaenda kunywesha mifugo. Mimi nilibaki na mtendaji tukiandika.

Nimemwambia kuhusu zile elfu mbili. Mnada wa Januari bei ni mbaya, ng'ombe wamekonda. Ameuza wanane.

Mjomba wako,
Basil

—

25 Februari 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti lako halijambo. Mitihani ya kwanza nimefaulu.

Chuo kimepokea fomu. Mchango umerudishwa elfu mbili, na baba ameshalipa. Yule mama wa ofisi ameniandikia kwamba anafurahi suala limekwisha. Nimekaa nikatafuta tulichopata katika fedha za Uholanzi, kuanzia Agosti hadi leo. Hatujapata chochote. Tungekuwa hatukuomba kabisa, baba angeuza watano mwezi wa Agosti kwa bei nzuri, nami ningekuwa palepale nilipo.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kuuliza. Mathias ameniambia kwa simu kwamba Adolfu alikuja na lori, wanaume wanne, hawakusalimia. Kwamba shemeji zake Cornelia walikwenda zizini kabla ya Cornelia mwenyewe, wakawachukua wale tisa, wakisema ni mali ya marehemu ndugu yao. Alifika mchana kwa miguu, akakuta kamba. Mathias anasema alikaa chini mbele ya baba na hakulia, alimtazama tu.

Rhoda anasema wanakunywa chai ya rangi.

Nimeomba kuongea na baba mara sita. Mama anasema yuko machungani. Machungani na ng'ombe kumi na mmoja, kuanzia alfajiri hadi usiku? Niambie, mjomba. Wewe ndiye usiyesema wazima.

Kija

—

30 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Barua yangu ya Februari hukujibu. Ya Aprili, ile fupi, hukujibu. Nimehesabu miaka yangu yote na sikumbuki wewe kukosa la kusema. Kijana wa steshenari anasema unapita, unanunua gazeti, hujambo.

Niko hapa chuoni kwa likizo, nafanya kazi maabara. Sharon amekwenda kwao. Jengo zima tuko watu wanne.

Wafadhili wa Uholanzi wameniandikia. Wameona kwamba chuo kinajaza mahitaji yangu yote, kwa hiyo mwaka ujao wanampa mtu mwenye shida zaidi. Siwalaumu, wamesoma karatasi kama wanavyosoma wengine. Chuo kinasema lile pengo la elfu sita kitalijaza tena, ila si moja kwa moja. Wanataka fomu mpya ya familia, ya kweli, na safari hii watakagua kila mstari kwa sababu mwaka jana "kulikuwa na taarifa zinazokinzana". Nikikosea mstari mmoja, naondoka. Mwisho ni Septemba 30.

Mifugo nimejaza kumi na mmoja. Mapato nimejaza. Nimekwama mstari wa nne: idadi ya watu wanaoishi katika kaya. Siku zote ni watano: baba, mama, Mathias, Rhoda na mimi. Nilimpigia mama anithibitishie, jambo la kawaida tu. Nikasema, "Mama, niandike watano?" Akaniuliza kama huku kuna baridi. Halafu akasema, "Mwulize mjomba wako."

Nakuuliza.

Kija

—

Sumbawanga, 8 Septemba 2024

Kija,

Barua hii naituma kwa picha kupitia steshenari ili ikufikie leo. Salamu za nyumbani sina, nitakuambia tu yaliyopo.

Baba yako aliondoka tarehe 19 Aprili, alfajiri, na wale kumi na mmoja. Simu yake aliiacha kwa mama yako juu ya kitanda. Alimwambia anatafuta mahali ambapo habari za ule mkutano hazijafika, mahali ambapo mtu anaweza kumwekea ng'ombe tena. Alisema atarudi kuichukua familia mvua zikianza. Mama yako alinikataza kukuandikia, akasema mtoto ataacha shule. Nilitii. Si kawaida yangu, lakini safari hii ilinifaa kutii.

Mwezi Mei mtu alimwona akiteremka bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Tarehe 24 Agosti, Isdori, yule dalali wa mnadani anayemfahamu baba yako tangu ujana, aliona ng'ombe wawili wenye alama yenu, ile mikato miwili ya sikio la kulia. Walikuwa wanauzwa na mwanamume asiyemjua. Isdori alimwuliza amewapata wapi. Akajibu kwamba aliwanunua kwa mtu. Isdori aliporudi na askari, mtu yule hakuwepo, wala ng'ombe. Nimekwenda polisi mara tatu, na Mathias yuko bondeni tangu wiki iliyopita, anauliza zizi kwa zizi. Mimi sikwenda naye. Alisema nisiende.

Nilikuuliza kosa langu liko wapi, ukanijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili. Hellena alipoolewa na mfugaji aliyetoka Shinyanga na fimbo na blanketi, ukoo wetu wote ulimcheka, nami nilicheka kuliko wote. Ile mia moja na arobaini sikuwaandikia Waholanzi. Niliwaandikia wale waliocheka. Baba yako alipovua kofia nilijua ninachomfanyia, nikaendelea, kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza.

Fomu yako wameshasema wataikagua mstari kwa mstari. Kwa mtendaji imeandikwa kwamba Ngeleja hayupo katika kaya tangu Aprili, na mhuri upo. Mifugo andika sifuri. Mchango wa familia, kwa hesabu ulizonifundisha, nao utakuwa sifuri, na chuo kitalipa chote. Mama yako anasema usirudi, umalize.

Mstari wa nne andika wanne.

Basil